Mchezo wa Vita na Hesabu ya Wapagazi

Michezo ya akili haikosi mahali palipo na watu wanaongoja, na Tunduma ni mji wa kungoja. Malori yaendayo Zambia na Kongo hujipanga barabarani tangu alfajiri. Madereva hungoja karatasi zao, mawakala wa forodha hungoja madereva, wabadilisha fedha huwangoja wote; na katika kungoja huko vibao vya drafti hufunguliwa vibarazani. Kete zake ni vizibo vya soda: mmoja huvilaza vyake kifudifudi, mwenziwe huvilaza chali, na mchezo ukaanza. Mahali pengine huchezwa bao, na mkono wa mzee huzitawanya kete shimo kwa shimo upesi kuliko jicho la kijana liwezavyo kuzifuata.

Drafti na bao ni tofauti kwa mengi, lakini hulingana kwa sifa moja. Katika michezo hiyo hakuna kilichofichwa. Kete zote zi mbele ya macho ya wote wawili, na ashindwaye hushindwa kwa kuwa hakufikiri vya kutosha. Upo mchezo wa tatu usiokuwa hivyo. Ndani yake mtu huweza kufikiri vema akashindwa, kwa sababu adui alipita asipomtazamia, au kwa sababu mvua ilinyesha, au kwa sababu askari wake waliogopa. Huo ndio mchezo wa vita wa mezani. Hupigana tena, kwa sanamu ndogo au kwa kete, vita vilivyokwisha kupiganwa na watu wa zamani. Afaaye kuucheza ni mtu apendaye historia na asiyechoka kuhesabu.

Asili ya mchezo huu kwa sura yake ya sasa ni nchi ya Prussia. Mwaka 1812 Reisswitz alimwonyesha mfalme wa nchi hiyo meza yenye milima, mito na vijiji vya kupachikwa, ambayo juu yake majeshi mawili yaliendeshwa kwa kipimo. Mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, alitoa kanuni zilizo bora zaidi, zenye ramani, dadu na mwamuzi. Jemadari Müffling, mkuu wa majemadari wa Prussia, aliupendekeza mchezo huo kwa jeshi lake, na toka huko ukaenea katika majeshi mengine ya Ulaya. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliuleta katika nyumba za raia kwa kitabu chake *Little Wars*. Wells aliona kuwa ni heri watu wapigane kwa askari wa risasi sakafuni kuliko kwa watu walio hai uwanjani. Mwaka mmoja baadaye Ulaya yote iliingia vitani, na moto wake ukafika mpaka mto Songwe. Mwaka 1962 Mwingereza mwingine, Donald Featherstone, aliandika kitabu kilichowafundisha watu wengi kucheza majumbani mwao. Tangu wakati huo mchezo umekuwa na wapenzi katika nchi nyingi.

Kijana mmoja wa Tunduma, karani wa wakala wa forodha, aliujua mchezo huu alipokuwa chuoni akisoma historia. Alipomaliza masomo hakupata kazi ya historia. Alipata kazi ya kuandika uzito wa shehena. Mchana aliandika tani za sukari, saruji na mbolea. Jioni aliwakusanya rafiki zake watatu kibarazani kwa babu yake: mwalimu wa hesabu, fundi seremala na mwendesha bodaboda. Hakuna miongoni mwao aliyepata kuuona mchezo wa namna hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa ameucheza mara chache tu. Kwa hiyo wote wanne waliweza kuitwa wanafunzi.

Sanamu za risasi au za plastiki ziuzwazo ng'ambo ni nzuri lakini ni ghali, na si lazima kwa anayeanza. Seremala aliunganisha mbao mbili zikawa meza yenye urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 120. Juu yake ilitandikwa kanga kuukuu ya kijani. Vilima vilikuwa vitabu vilivyowekwa chini ya kanga hiyo. Mto ulikuwa utepe wa buluu. Njia ilikuwa uzi mwekundu. Askari walikuwa vizibo vile vile vya drafti, na bunduki za rashasha zilikuwa misumari iliyogongomelewa katika vizibo. Dadu zilitoka katika mchezo wa ludo wa watoto. Kwa matumizi hayo madogo jeshi likawa tayari.

Baada ya vifaa hufuata kipimo. Hapo ndipo mchezo wa vita uachanapo na mchezo wa watoto, maana kila kitu mezani ni lazima kiwe na kadiri yake duniani. Vijana hao waliamua kwamba kizibo kimoja kiwe askari 20, sentimita moja iwe mita 100, na zamu moja ya kucheza iwe nusu saa. Kwa kipimo hicho meza yao ilikuwa nchi ya kilomita 18 kwa 12. Kikosi kiendacho kilomita nne kwa saa njiani kilipewa sentimita 20 kwa zamu. Porini, au usiku, kilipewa 10. Risasi ilifika sentimita tano na si zaidi, kwa kuwa katika nchi ya majani marefu mtu hampigi asiyemwona.

Bahati nayo hupimwa. Kila kizibo kinachopiga hutupa dadu moja. Adui akiwa mahali pa wazi, tano au sita humpata, nayo ni bahati moja kati ya tatu. Akiwa handakini au kichakani, sita peke yake ndiyo humpata, nayo ni moja kati ya sita. Kikosi kilichopata hasara hutupiwa dadu mbili ili ijulikane kama kitasimama au kitakimbia. Kikipata saba au zaidi husimama. Mwalimu wa hesabu aliwaonyesha wenziwe kwamba katika njia 36 za kuanguka kwa dadu mbili, 21 hutoa saba au zaidi. Kwa hiyo kikosi hicho kina nafasi iliyozidi nusu kidogo. Kikosi kilichopoteza nusu ya watu wake hutakiwa kupata tisa au zaidi, na njia za kupata hivyo ni 10 tu kati ya 36. Mwanafunzi asiyejua hesabu hii hulaumu dadu. Aijuaye hujilaumu mwenyewe kwa kuwapeleka watu wake mahali ambapo dadu haiwezi kuwaokoa.

Jambo la tatu ni kuchagua vita. Wanaoanza aghalabu hukimbilia Waterloo, kwa kuwa vitabu vya Waterloo ni vingi. Karani alishauri waanze na vita vya karibu, ambavyo ardhi yake waliweza kuiendea kwa miguu au kwa pikipiki. Mpaka wa nchi hizi ulikatwa katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Vita vilipoanza mwaka 1914, nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ikawa mstari wa mapigano, na vijiji ambavyo leo vimo katika mkoa wa Songwe vikajikuta kati ya maboma ya pande mbili.

Vita vyao vya kwanza mezani vilikuwa vya Karonga, Septemba 1914. Kwa hakika mambo yalikuwa ya ajabu. Tarehe 8 Kapteni Barton alitoka Karonga na sehemu kubwa ya askari wa Nyasaland ili akawashambulie Wajerumani upande wa mto Songwe. Wakati huo huo Wajerumani walikuwa wamevuka mto kwenda kuishambulia Karonga. Majeshi mawili yakapishana wala hayakuonana. Asubuhi ya tarehe 9 Wajerumani waliivamia Karonga, iliyoachiwa walinzi wachache. Walinzi hao walivumilia mpaka wenzao waliosikia milio ya bunduki waliporudi, na mwisho wake Wajerumani wakashindwa na kurudi walikotoka.

Vijana walicheza vita hivyo mara tatu, na mara zote tatu majeshi yalikutana njiani. Ilikuwaje? Mwendesha bodaboda ndiye aliyejibu: "Tunaonana mno. Barton hakuwa na macho ya ndege." Kwa hiyo walijifunza kazi ya mwamuzi, ambayo Reisswitz aliijua karne mbili zilizopita. Kila upande ulipewa ramani yake ya karatasi, ukaandika amri zake kwa siri, na mwalimu wa hesabu peke yake akaenda kati yao akiweka mezani kile tu ambacho upande mmoja uliweza kukiona. Mara ya nne seremala alipita na jeshi zima umbali wa kilomita mbili kutoka kwa adui, asijue. Alipoambiwa kwamba bunduki zinalia nyuma yake alisimama, akajishika kichwa, kisha akacheka. Kwa mara ya kwanza hakucheza kama msomaji ajuaye mwisho wa kitabu; alicheza kama mtu aliyemo ndani ya habari.

Vita vya pili vilikuwa vya Mei 1916. Jemadari Northey wa Waingereza alikuwa na safu nne zilizopangwa tangu Ziwa Nyasa hadi karibu na Ziwa Tanganyika, naye akaamuru zivuke mpaka pamoja tarehe 25 Mei. Safu ya Kanali Rodger ilitoka Fife, ng'ambo ya Tunduma ya leo, ikaizunguka ngome ya Wajerumani ya Luwiwa. Safu ya Murray iliizunguka Namema, upande wa magharibi. Mahali pote pawili Wajerumani waliponyoka katika duara. Hata hivyo njia ya kaskazini ilikwisha kufunguka, na tarehe 29 Mei askari wa Northey waliingia Neu Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu.

Karani alikuwa akiieleza habari hiyo, vizibo vya Rodger vikiwa vimeizunguka Luwiwa, ndipo babu yake alipotoka ndani akiegemea fimbo. Alikuwa mzee wa miaka themanini na ushei.

"Shikamoo, babu," walisema wote.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnacheza kamari hapa kwangu?"

"La, babu," alijibu karani. "Hivi ni vita vya Mjerumani na Mwingereza. Hapa ni kwetu, mwaka 1916."

Mzee aliinama akatazama. Alielekeza fimbo. "Hawa ni nani?"

"Askari wa Mwingereza, babu."

"Na hawa?"

"Askari wa Mjerumani."

"Na huu msumari?"

"Bunduki ya rashasha."

"Nani ameibeba?"

Hapakuwa na jibu. Mzee alizungusha fimbo juu ya meza yote, kutoka ukingo hadi ukingo. "Watu hawa watakula nini leo jioni? Nani amewaletea? Baba yangu alikuwamo katika vita hivi, naye simwoni hapa." Kisha alirudi ndani, wala hakusema kwa hasira. Vijana hawakuendelea kucheza usiku ule.

Kwao mzee kulikuwa upande wa Mwenzo, ambao leo ni Zambia. Wanyamwanga wamekaa pande zote mbili za mpaka tangu kabla ya kukatwa kwake. Baba yake alichukuliwa pamoja na kaka yake kubeba mizigo ya jeshi la Northey. Waliofanya kazi hiyo huku waliitwa tengatenga. Baba alirudi akiwa na sugu begani iliyodumu mpaka kufa kwake. Kaka yake hakurudi, na kaburi lake halikujulikana. Mjukuu alikuwa ameyasikia hayo tangu utotoni. Alikuwa pia ameyasoma chuoni, kwa maneno mengine na kwa tarakimu: kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao walikufa kwa makumi ya maelfu, na kwamba waliouawa na risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na kuhara, kichomi, malaria na njaa. Alijua kwamba jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Yote aliyajua, lakini alipokata nchi yake juu ya meza, akapima mto, njia na mwendo wa risasi, aliwasahau.

Asubuhi yake alikuwa ofisini akiandika shehena ya lori moja, tani 30. Kalamu ikasimama. Alichukua kipande cha karatasi akaanza hesabu ambayo hakupata kuifanya chuoni.

Ikiwa mpagazi hubeba kilo 25 za unga, naye hula kilo moja kwa siku, basi lori lile moja ni mzigo wa watu 1,200. Lakini lori halili unga lililobeba, mpagazi hula. Askari wakiwa umbali wa mwendo wa siku 10, mpagazi atakula kilo 10 akienda na kilo 10 akirudi. Atakachokifikisha ni kilo tano tu, na safari yake itachukua siku 20. Askari 100 katika siku hizo 20 hutaka kilo 2,000. Kwa hiyo askari 100 huhitaji wapagazi 400, na hao ni wa unga peke yake. Bado risasi, hema, dawa na rashasha. Karani aliongeza siku mbili tu. Kwa mwendo wa siku 12, mpagazi hula kilo 24 kwenda na kurudi, hufikisha kilo moja, na askari wale wale 100 huhitaji wapagazi 2,400. Kwa mwendo wa siku 13 hakuna hesabu tena: mpagazi hawezi kujilisha mwenyewe akarudi, sembuse kumlisha askari.

Ndipo alipokumbuka kwamba askari wa Northey waliingia Iringa tarehe 29 Agosti 1916. Kutoka Tunduma hadi Iringa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400, na kwa mtu aendaye kilomita 20 kwa siku akiwa na mzigo ni zaidi ya siku 20. Vitabu humsifu jemadari aliyefika mbali upesi. Karatasi ya karani iliuliza swali jingine: walikula nini? Jibu lilikuwa moja kati ya haya: ama vituo vya chakula vilipangwa njiani na watu wakapokezana mizigo kwa maelfu, ama chakula kilitwaliwa katika vijiji vilivyopitiwa, ama mpagazi alipunguziwa posho yake ili askari ashibe. Kwa kweli yote matatu yalifanywa katika vita vile, na pande zote mbili.

Jioni aliwasomea wenziwe karatasi hiyo, wakabadili kanuni zao. Waliweka punje za mahindi mezani, punje moja kwa wapagazi 20, kama kizibo kilivyokuwa askari 20. Mara moja meza ilibadilika sura. Vizibo vya askari 100 ni vitano, lakini punje za wapagazi wao, kwa mwendo wa siku 10, ni 20. Na kwa mwendo wa siku 12 ni 120. Uzi mwekundu uliokuwa njia tupu ukajaa punje tangu ukingo hadi ukingo. Kikosi cha vizibo 10 kilionekana kama kichwa cha siafu, na nyuma yake mkia usiokwisha. Mwendesha bodaboda, aliyependa kushambulia upesi, alilalamika: "Huu si mchezo wa jemadari tena. Ni mchezo wa karani." Mwalimu wa hesabu akamjibu kwamba huenda vita vile navyo vilikuwa hivyo.

Ilibaki kanuni moja. Wapagazi huugua na kufa. Jambo hilo nalo lilitakiwa liingie mchezoni. Waliona ni sawa kutupa dadu kila baada ya siku 10 za mwendo: ikianguka moja, punje kadhaa ziondolewe. Walikuwa wakijaribu kanuni hiyo siku mzee alipotoka tena. Safari hii aliketi. Aliziona punje, akauliza ni nini, akaambiwa. Alinyamaza kwa muda, akitazama dadu ikitupwa na mkono wa seremala ukiondoa punje tatu.

"Kwa nini umewatoa hao?" aliuliza.

"Wamekufa kwa ugonjwa, babu. Dadu ndiyo iliyoamua."

"Dadu haikumwua baba yangu mkubwa, mjukuu wangu. Risasi huenda ikawa na bahati yake, kumpata huyu na kumwacha yule; hilo ni sawa kwa dadu. Lakini mtu aliyepewa mzigo bila posho hakufa kwa bahati. Yuko aliyeandika mizigo, akahesabu unga, akaona hautoshi, akasema waende hivyo hivyo. Huyo alijua kusoma na kuandika kama ninyi."

Seremala alikiweka kile kidadu chini taratibu. Karani hakusema neno. Huenda katika darasa zote alizopitia hapakuwa na somo lililomfikia kama hilo, kwa sababu lilimgusa mahali alipo: yeye ni mtu wa kuandika mizigo.

Kanuni waliyoipata baada ya hapo ndiyo wanayoitumia hata sasa, nayo ni rahisi. Askari hutupiwa dadu, wapagazi hawatupiwi. Kila baada ya siku 10 za mchezo mwamuzi humpa jemadari wa kila upande karatasi. Jemadari huandika akiba ya unga aliyo nayo na idadi ya watu wake wote. Unga usipotosha, huchagua mojawapo ya mambo matatu: kusimama, kurudi, au kuendelea kwa kupunguza posho. Akichagua la tatu, huandika kwa mkono wake ni punje ngapi atakazozipoteza kwa kadiri ya posho aliyopunguza, kisha hutia sahihi. Punje hizo haziondolewi na mwamuzi. Jemadari huziondoa mwenyewe, moja moja.

Matokeo yake ni mazito kuliko walivyotazamia. Mara ya kwanza kucheza safari ya Northey kwa kanuni hiyo, mwendesha bodaboda alifika Iringa siku tatu kabla ya tarehe ya historia. Alikuwa ameshinda. Mwamuzi alizijumlisha karatasi zake akazisoma kwa sauti, na mshindi akaomba asiendelee. Mara ya pili alikwenda polepole, akajenga vituo, na Wajerumani wakapata nafasi ya kujipanga; akashindwa kwa risasi. Aliuliza kama iko njia ya tatu. Mwalimu alisema hajaiona. Wengine waliona kwamba kanuni hiyo imeharibu starehe ya mchezo, na hapana budi kukiri kwamba wana haki kwa sehemu, maana mtu aliyetoka kazini amechoka hataki kila jioni kuhukumiwa na karatasi. Karani mwenyewe hakuwa na jibu la kuwatosheleza. Alisema tu kwamba starehe ya Waterloo ipo kwa atakaye, lakini vita vya hapa haviwezi kuchezwa bila punje, kama bao lisivyoweza kuchezwa bila mashimo.

Hadithi ya vita vile ilikwisha karibu na ilipoanzia. Mwanzoni mwa Novemba 1918 Jemadari von Lettow-Vorbeck, baada ya kuzunguka Msumbiji na kurudi, alipita katika nchi hizi, akaishambulia Fife asifanikiwe kuitwaa, akaendelea hadi Kasama na kuingia humo tarehe 9. Mapatano ya amani yalipokuwa yametiwa sahihi Ulaya tarehe 11, yeye hakuwa na habari. Alizipata tarehe 13 karibu na mto Chambeshi. Tarehe 25 Novemba alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Wazungu waliosimama mstarini siku hiyo wanajulikana idadi yao, 155; na askari vile vile, 1,168. Pamoja nao walikuwako wapagazi na wanawake, ambao idadi yao hutajwa kwa nadra zaidi. Katika Dar es Salaam iko sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa vita hivyo, na aliye juu yake ni askari mwenye bunduki.

Msomaji atakaye kuanza mchezo huu hahitaji mengi. Na atafute meza, vizibo, dadu na uzi. Na achague vita vilivyopiganwa katika nchi aijuayo, apime kila kitu kwa kipimo kimoja, amtafute mwamuzi mwaminifu, na awafiche adui machoni pa adui. Asidharau bahati, wala asiitegemee. Hayo yote vitabu vya ng'ambo vitamfundisha vizuri. Lakini kabla ya kutupa dadu ya kwanza na auweke mkono juu ya kila kizibo na kuuliza kile alichouliza mzee wa Tunduma: huyu atakula nini leo jioni, na nani amembebea?

Karatasi zilizotiwa sahihi huhifadhiwa katika sanduku moja na vizibo. Punje hazihifadhiwi, maana hubunguliwa na wadudu. Mchezo ukiisha mzee huziomba awape kuku, na mchezo mwingine ukiwadia vijana huhesabu nyingine upya, tangu moja.